Jina Lililosagwa

Nilipoambiwa kwamba Mzee Pritam amekufa, jambo la kwanza nililouliza ni kaburi lake liko wapi. Mama Neema aliweka birika mezani akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda mwezini. Tulikuwa kwenye mgahawa wake pale Nyasubi, Kahama, asubuhi. Nilikuwa nimeshuka kwenye basi la Shinyanga, niko njiani kwenda Geita, na sikuwa na haja nyingine na mji huu zaidi ya chai na kumsalimia mwanamke aliyenilisha mwaka mzima wa ujana wangu. "Kaburi?" akasema. "Wale hawazikani, wewe. Walimchoma Mwanza, majivu wakayapeleka ziwani. Hakuna kaburi, hakuna jiwe, hakuna kitu." Nikamwuliza kama kuna mahali popote palipoandikwa jina lake. Akacheka kidogo. "Ubao wa karakana si upo? Mwanawe ameupaka rangi upya. Unang'aa kuliko zamani." Nilikunywa chai ile nikiwa na hasira isiyomfaa mtu mwenye mvi. Kwa miaka yote niliyozurura nilijiahidi kwamba siku moja nitasimama mbele ya mzee yule, akiwa hai au akiwa chini ya udongo, nimtolee maneno niliyoyabeba tumboni. Sasa hata mahali pa kusimama nimtukane hapakuwepo. Ndivyo alivyotaka maisha yake yote, asibaki. Hata kufa alikufa kwa namna ya kunishinda.

Mwaka ninaousema nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimeacha shule mapema, si kwa ujinga bali kwa kutotulia. Mwalimu akieleza mto nilitaka kwenda kuuona, na nikienda sirudi. Nilichekecha mchanga na wenzangu karibu na Mwadui tukitafuta vijiwe vya almasi vilivyopotea. Nikachoka, nikaenda Chato kuvuta nyavu. Chato waliniita Mwadui kwa sababu ndiko nilikotoka. Nilipofika Kahama kutafuta kazi wakaniita Chato kwa sababu hiyo hiyo. Nilikuwa mtu anayeitwa kwa jina la mahali alipokwisha kuondoka. Mtu ambaye hajawahi kuishi hivyo hawezi kujua inavyouma, kwa kuwa kila unapofika wewe hujafika bado. Jina langu ni Shija, na mwaka ule wote sikumbuki zaidi ya watu wawili walioniita kwa jina hilo, na mmoja wao alikuwa Mama Neema.

Karakana ya Mzee Pritam ilikuwa nyuma ya soko, ukuta wa matofali ya kuchoma na paa la bati lililotobolewa na cheche. Mji mzima ulimwita Kalasinga, kama wanavyoitwa watu wote wa dini yake, kwa sababu ya kilemba na ndevu. Sisi wafanyakazi tulimwita Mzee. Alitengeneza makarasha, zile ngoma kubwa za chuma zinazozungushwa na injini ya dizeli, zenye gololi nzito ndani, zinazosaga mawe ya dhahabu mpaka yawe unga. Wateja walitoka Geita, walitoka Chunya, walitoka kila palipokuwa na duara, yaani shimo la wachimbaji. Nilipoingia mara ya kwanza nilimkuta amelala chali chini ya ngoma, ndevu zimefungwa na kitambaa zisishike moto. Nikasema shikamoo. Marahaba ikatoka chini ya chuma. "Unajua kuchomelea?" Nikasema sijui ila ninajua kujifunza. "Kila mtu anasema hivyo," akasema, "halafu anataka mshahara wa anayejua." Hivyo ndivyo tulivyoanza, kwa kutopendana, na mambo hayakubadilika sana.

Nyuma ya karakana kulikuwa na vyumba viwili vinavyotazamana. Kimoja kilikuwa jiko la Mama Neema, moshi na harufu ya bizari, sufuria za dengu, kikaango cha chuma cha chapati kipana kama tairi. Cha pili kilikuwa chumba cha ibada. Ndani hamkuwa na kiti hata kimoja. Kulikuwa na mikeka iliyofunikwa shuka nyeupe, na mbele, juu ya kitanda kidogo chenye mito, kitabu chao kitakatifu kilichofunikwa kitambaa cha hariri. Jioni walikifunga na kukilaza kama mtu, na asubuhi walikiamsha. Mimi nilikulia kati ya Wakristo na wazee wanaotambikia mizimu, sikuwahi kuona kitabu kikilazwa. Nilisimama mlangoni nikitazama kila nilipopata nafasi, viatu mkononi na kitambaa kichwani kama walivyonitaka, na Mzee hakunifukuza. Jumapili walikuja familia chache za kwao kutoka Shinyanga na wengine kutoka Mwanza, wakaimba, kisha wote tukaketi chini kwa mstari, matajiri na vibarua, wake kwa waume, tukala chakula kilekile kwenye sahani za bati zilezile. Mlo ule waliuita langa. Sheria yake ilikuwa moja tu, kwamba hakuna anayekaa juu ya mwenzake. Mzee Pritam mwenyewe alipita na ndoo ya dengu akitupakulia, na tukimaliza alikunja suruali, akachuchumaa bombani na kuosha sahani zetu.

Rashidi, mchomeleaji mwenzangu kutoka Kigoma, mtu wa swala tano na mzaha usioisha, alikuwa akila huku ananinong'oneza, "Kula, Chato. Hapa ndipo mahali pekee bosi anakuoshea sahani. Kesho Jumatatu atakuosha wewe." Tulicheka ndani ya chapati. Lakini mimi nilikuwa na ugonjwa wa kuuliza, nikamfuata Mzee bombani nikamwuliza kwa nini anafanya kazi ya Mama Neema. Hakuinua uso. Akasema kuna kitu ndani ya mtu wanachokiita haumai. Ni ile sauti inayosema mimi, mimi, mimi, tangu mtu anapoamka. Mimi nimejenga, mimi nimepata, mimi nimeonewa. Sauti hiyo, akasema, ni ukuta kati ya mtu na Mungu, na mtu anaujenga mwenyewe kila siku tofali kwa tofali huku akilalamika kwamba ndani kuna giza. Ukombozi wao si kwenda mbinguni baada ya kufa. Ni ukuta ule kuanguka wewe ukiwa bado hai, ukiwa bado na mafuta mikononi. "Na sahani zinaangusha ukuta?" nikamwuliza. "Sahani zinatoa tofali moja," akasema. "Kesho ninalirudisha. Shika hii, suuza."

Nilisuuza, lakini nilisuuza kwa chuki, na chuki ile ninaitetea hata leo. Yalikuwa maneno mazuri kwa mtu mwenye karakana. Mtu ambaye kila anayepita barabarani anamjua ni nani anaweza kukaa akaona jina ni mzigo. Mimi mzigo huo sikuwa nao, nilikuwa nautafuta. Kumwambia mtu kama mimi aache umimi wake ni kumwambia mwenye njaa afunge, kisha umsifie kwa kuwa tumbo lake ni dogo. Nimesikia mahubiri ya namna nyingi tangu wakati ule, makanisani, misikitini, kwenye mahema ya manabii wa barabara ya Geita, na kila mara ninamtazama kwanza anayehubiri unyenyekevu, amekalia nini.

Siku moja nilimwambia. Alikuwa amekaa na rafiki yake Kanti, mwenye duka la bolti na mikanda ng'ambo ya barabara. Kanti alikuwa Mhindu, Mgujarati, mtu mfupi, mlaji wa karanga, na walikuwa wakibishana mambo ya Mungu kila alasiri juu ya ngoma iliyolazwa ubavu kama benchi. Kihindi chao kikiwachosha walirudi kwenye Kiswahili, wote wawili wazaliwa wa Shinyanga.

"Unahangaika bure, Pritam," Kanti alikuwa akisema. "Hiyo 'mimi' unayopigana nayo haipo kabisa. Ni kivuli. Ukishajua kwamba haipo, umekwisha kuwa huru. Tone limerudi baharini, basi."

"Kama haipo, mbona jana ulinuna nilipokuita mfupi?"

"Aliyenuna ni mwili."

"Mwambie huyo mwili aje Jumapili aoshe sahani."

Kanti alicheka mpaka karanga zikamwagika. Mzee akaendelea, safari hii bila mzaha. Alisema kujua hakutoshi, kwa sababu kujua nako kunavimba. Mtu atajua kwamba yeye si kitu, halafu atatembea mjini akitaka kila mtu aone jinsi anavyojua kwamba yeye si kitu. Walimu wao wa zamani hawakuwaambia wakimbilie msituni. Waliwaambia wafanye kazi kwa mikono, wale na wengine, na walitaje Jina, jina la Mungu, mpaka yale majina mengine yapungue sauti. Mimi nilikuwa nafagia vyuma. Nikasimama na ufagio.

"Samahani, Mzee. Na mtu ambaye hajawahi kupewa hiyo mimi, ataiachaje?"

Kanti akaacha kutafuna. "Huyu kijana wako ana mdomo."

"Kupewa?" Mzee akasema, akinitazama. "Anayo tele. Msikilize anavyouliza."

Nilimchukia tangu alasiri ile.

Sasa nieleze mfuniko, kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka hapo. Ngoma ya karasha ina mlango ubavuni, pa kuingizia mawe na kutolea unga. Mlango ule ulikuwa ukifungwa kwa bolti nyingi kuuzunguka, na vumbi la mawe linakula bolti. Baada ya wiki chache wachimbaji wanazipiga kwa nyundo, wanazikata kwa patasi, injini imezimwa, watu wamekaa. Nilikwenda na Rashidi kufunga karasha kwenye machimbo upande wa Geita nikaona mateso yale kwa macho, na njiani kurudi nikawa nawaza jembe. Mpini wa jembe hauna bolti. Kadiri unavyolima ndivyo unavyokaza. Niliporudi nikatengeneza mfuniko unaoteleza chini ya midomo miwili ya chuma na kushikwa na kabari moja, imegongwa kufuata upande ngoma inakozungukia, ili kila mzunguko uikaze zaidi. Kuifungua, pigo moja la nyundo kutoka upande wa pili. Mzee aliugeuza mfuniko wangu mikononi, akaugonga, akaufungua, akaufunga. "Sawa," akasema. Neno hilo moja. Mwezi uliofuata wateja walikuja wakitaka ngoma "yenye mlango wa kabari," na kila aliyekuja alimshika mkono Mzee Pritam akamsifu kwa akili zake. Mzee alikuwa akisema, "Si mimi, ni vijana." Vijana. Tulikuwa sita, na watano hawakuwaza jembe.

Ngoma ya Bi Mwajuma ilikuwa kubwa kuliko zote tulizotengeneza mwaka ule. Bi Mwajuma alikuwa mwanamke wa Tabora, mwenye makarasha yake kule Geita, mwenye sauti ya kusimamisha lori. Mchana wa siku moja kabla hajaja kuichukua, wenzangu wakiwa wamekwenda kula, nilichukua fimbo za kuchomelea nikaandika kando ya mlango, kwa herufi za kiganja kizima, SHIJA. Mafundi wengine wa Kahama wote waliandika majina yao kwenye kazi zao; hakuna aliyeona ajabu. Niliandika taratibu, kila herufi ikipoa nainyosha, na nilipomaliza nilirudi nyuma nikaitazama kama mtu anayejitazama kwenye kioo kwa mara ya kwanza. Ilikuwa kazi nzuri. Hata leo ningeitambua.

Kesho yake Bi Mwajuma akaizunguka ngoma akaliona. "Shija!" akapaza sauti. "Shija yupi? Huku Usukumani ukiita Shija sokoni nusu ya watu wanageuka! Kila mama aliyezaa mapacha, anayefuata ni Shija!" Watu wakacheka. Hata mimi nilikuwa nataka kucheka, maana alilitaja, alilitaja tena na tena, na nilikuwa nimesogea mbele niseme ni huyu hapa. Mzee Pritam alipita katikati yetu. Akachukua grenda, akaiwasha, akasaga. Aliianza herufi ya kwanza akaimaliza ya mwisho, cheche zikiturukia miguuni, na hakuinua mkono hata pale chuma kilipokwisha kuwa laini. Aliendelea kusaga mahali ambapo hapakuwa na kitu tena. Alipozima grenda, sehemu ile iling'aa kama sarafu mpya, na kelele zilizobaki masikioni zilikuwa zangu peke yangu.

"Hapa hatuandiki majina," akasema. "Jina ni moja tu, na si langu wala lako."

"Na ule ubao wa nje?" nikasema.

Rashidi alinivuta shati kwa nyuma. Nikaendelea, kwa kuwa nilikuwa sina cha kupoteza isipokuwa kazi. "Mzee, ulitufundisha kwamba wanaume wenu wote wanaitwa Singh, ili asijulikane nani ametoka ukoo gani. Mbona ubaoni Singh haipo? Ubaoni pameandikwa Pritam na Wanawe. Kwa rangi nyekundu. Ule nao nani ausage?"

Aliugeukia ubao kana kwamba haujawahi kuwepo pale. "Ule ni wa mwanangu," akasema. "Mwanangu ndiye aliyeuandikisha." Lilikuwa jibu la mtoto aliyekamatwa, na kila mtu alijua. Bi Mwajuma akasema haya jamani, nipakieni ngoma yangu, mimi sikuja kusikiliza mahubiri. Sikufukuzwa. Nilibaki, na watu waliniuliza kwa nini. Nilibaki kwa sababu nilitaka kuwepo siku atakayoanguka. Nilikula dengu zake, nilikaa chini kwenye mstari wake kila Jumapili, nikamtazama akiosha sahani kama mtu anavyomtazama mchezaji wa kamari mwenye karata ndani ya mkono wa shati. Mama Neema alikuwa akiniwekea chapati ya ziada na kuniambia, "Shija baba, chuki inakuchosha wewe, yeye halali vibaya." Nikamwambia ninachoka kwa kazi.

Mvua zilikuwa zimekaribia aliporudi Bi Mwajuma na lori, na ngoma juu yake. Tulimsikia kabla ya kumwona. Ngoma ilikuwa imepasuka kando ya mlango, ufa wa kuingiza vidole, na unga wa mawe yake mazuri ulikuwa umemwagika kwenye vumbi la Geita bila mtu kujua mpaka ilipokuwa imechelewa. "Nani aliyetengeneza huu mlango?" akauliza, na karakana nzima, watu walewale ambao hawakuwahi kuniita kwa jina langu, wakasema kwa pamoja: Shija. Mlango wa Shija. Ni ile kabari ya Shija. Rashidi mwenyewe aliinamisha kichwa, lakini midomo yake ilisema Shija. Nilisikia jina langu likizunguka karakana kama nilivyolitamani, na kila lilipopita liliniondolea kitu. Najua namna watu wanavyofukuzwa. Kwanza wanasogea mbali nawe kidogo, nafasi inabaki kukuzunguka. Nafasi ile ilikuwa imekwisha kubaki. Nilianza kueleza kwamba kabari haiwezi kupasua ngoma, na nikasikia sauti yangu inavyotoka nyembamba, sauti ya mwongo, ingawa nilikuwa nasema kweli.

Mzee Pritam alipanda kwenye lori. Alipiga magoti, akapitisha kidole gumba kwenye ufa, juu, chini, juu tena. Mimi nilikuwa nimekwisha kujua kilichotokea. Nilikuwa nakijua tangu nilipouona ufa ulipo. Lakini hakuna aliyekuwa akinisikiliza. Naye angeweza kunyamaza. Hilo ndilo ambalo sijawahi kulipatia mahali pa kuliweka. Angesema tutaangalia, angenifukuza, na kesho hakuna ambaye angekumbuka. Alisimama juu ya lori, kilemba kimelegea, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia:

"Si mlango. Mlango ni mzima. Ni mimi. Hapa palikuwa na jina la huyu kijana, na mimi nilisaga kwa hasira. Jina lilikwisha mapema, niliendelea kusaga. Nikala chuma mpaka likabaki ganda." Akakung'uta vumbi magotini. "Ningekuwa sina hasira, ningesaga jina tu."

Bi Mwajuma akasema, "Sasa mimi nimekosa unga wangu kwa sababu ya hasira za Kalasinga?" Mzee akasema ndiyo, mama. Alimtengenezea ngoma nyingine kwa mikono yake mwenyewe, hakumruhusu mtu kushika. Mlango aliuweka wa kabari.

Jumapili iliyofuata tulipofika chumba cha ibada tulimkuta amekaa chini mlangoni, nje, kwenye viatu. Kwa desturi yao mtu aliyekosea mbele ya watu anaweza kupewa kazi ya viatu: kuvipokea, kuvipanga, kuvifuta vumbi wakati wenzake wako ndani. Alikuwa ameomba mwenyewe. Wakubwa wa Shinyanga walimpa viatu vyao wakiwa na haya, Kanti alikuja kutoka ng'ambo akampa kandambili na hakufanya mzaha. Mimi nilikuwa na buti za kazi zilizojaa oili. Nilimpa moja. Sikuona haya. Aliichukua kwa mikono miwili, akatumbukiza kitambaa kwenye maji, akaanza.

Nilisimama pale sikuingia. Na nikiwa nimesimama nilisikia watu wakipita, Rashidi akimwambia mwenzake, "Ee bwana, huyu mzee ni mtu wa Mungu," mama mmoja wa soko aliyechungulia getini akisema hajawahi kuona tajiri wa namna hii. Na nikaona. Nilikuwa nimemtazama mwaka mzima, hakuna mtu aliyemjua uso kama mimi, maana hakuna anayekutazama kwa makini kama adui. Chini ya ndevu, kwenye pembe ya mdomo, kitu kidogo kilinyanyuka. Nikachuchumaa mbele yake.

"Umefurahi," nikamwambia. "Wamekusifu ukafurahi."

Kitambaa kikasimama juu ya buti. Nilitegemea anikaripie, na ningeshukuru.

"Ndiyo," akasema.

"Basi hujaacha."

"Sijaacha."

"Miaka yote hii? Sahani zote zile?"

"Miaka yote hii." Aliinua macho, na yalikuwa macho ya mtu aliyechoka sana. "Nikiwa na kiburi, ile mimi inakula. Nikijishusha, inakula vilevile. Wewe umeiona. Mimi mwenyewe wakati mwingine siioni." Kisha akanisogezea mkono. "Kile kingine."

Nikampa buti ya pili. Laiti hadithi ingeisha hapa, tukiwa wawili tumechuchumaa kwenye viatu, watu wangeipenda, nami ningeonekana nimepata kitu. Ukweli ni kwamba nilisimama nikiwa nimemshinda na sikuona raha yoyote, na hilo likaniudhi kuliko kushindwa. Alikuwa amenipa ushindi kama alivyokuwa akinipa dengu, akipita na ndoo. Wiki ile nilichukua kilichokuwa changu nikaondoka Kahama. Hakunizuia. Aliponishika mkono aliniita Shija, mara ya kwanza na ya mwisho, na sikumwitikia.

Nimezurura tangu hapo, na katika kuzurura nimewauliza watu wengi juu ya jambo lile: Wahindu wa maduka, masheikh, padri mmoja mlevi wa Biharamulo. Wote wana neno lao la kumwua yule mimi, na wote niliowaona bado walikuwa naye, amenona. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kuachiliwa. Ninamjua mmoja aliyekiri kwamba bado amefungwa, na nilimchukia kwa kukiri. Hayo ndiyo nilitaka kuyasema kaburini. Mama Neema alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua kikombe changu. "Basi ungeyasema pale pale viatuni," akasema, "alikuwa anasikia."

Nilipanda basi la Geita nikashuka kwenye machimbo, kwa kuwa miguu yangu inakwenda yenyewe penye kelele. Makarasha yalikuwa yamepangwa kwa safu, mapya na ya zamani, ya mafundi ambao siwajui, na kila moja, kila moja nililolipita, lilikuwa na mlango unaoteleza na kabari moja iliyogongwa kufuata mzunguko. Vijana wawili walikuwa wakijaza mawe kwenye la mwisho. Nilishika kabari. Nikawaambia, "Huu mlango niliubuni mimi."

Walitazamana. "Sawa, mzee," mmoja akasema. "Na hilo shimo pale ulilichimba wewe pia?"

"Ninasema kweli. Nilikuwa fundi Kahama. Mimi ndiye."

"Jana alipita mwingine akasema ni yeye," akasema wa pili, bila ubaya, akigonga kabari mahali pake kwa pigo moja, kama inavyotakiwa. Kisha, kwa heshima tu ya kumwuliza mtu mzima: "Kwani unaitwa nani, mzee?"

Nilivuta pumzi. Nikasimama sawasawa, nikalisema jina langu lote, langu na la baba na la babu, kwa sauti kubwa kadiri nilivyoweza, na papo hapo mwenzake akawasha injini.